Moshono: Gazeti la Babu lilipofika nyumbani

Wenzetu wakioana wanakwenda fungate Zanzibar. Wanapiga picha Nungwi jua likizama, wanarudi ofisini wamependeza na kila mtu anajua walikotoka. Sisi fungate yetu tuliila Dar es Salaam, siku nne nzima, chini ya feni, tumeinamia magazeti ya mwaka 1967. Siku ya pili mwenzangu alinyanyua vidole vyake vilivyojaa vumbi la karatasi, akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Mke wangu, una uhakika ndoa zote zinaanza hivi?"

Sikuwa na uhakika. Nilichokuwa nacho ni maneno ya bibi yangu, na maneno yenyewe yalikuwa yananikaa rohoni tangu siku ya sendofu yangu. Sasa ngoja nikupeleke yalikoanzia, maana ukitaka kuijua familia yetu sharti kwanza ufike Moshono.

Njia ya kwenda kwa Koko

Ukiwa Arusha mjini, pale Mnara wa Saa, wenyeji watakuambia umesimama katikati kabisa ya safari ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Usibishane nao. Nunua maji, uliza Hiace za Moshono, kaa upande wa dirisha la kushoto. Gari linapita Kijenge, mji unaanza kulegea, barabara inapinda na kupanda, na konda, chalii wa Arusha aliyevaa jaketi zito saa sita mchana, anapiga bati na kupaza sauti kana kwamba Moshono ni nchi nyingine.

Nimekuambia ukae kushoto kwa sababu ya Mlima Meru. Ni mlima wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,500, lakini hauna majivuno. Asubuhi unajionyesha wote, mchana unajifunika mawingu kama mama aliyechoka wageni. Ukitaka kuuona, panda gari la mapema.

Moshono ninayoikumbuka mimi nikiwa mtoto ilikuwa mahindi, maharage na migomba. Ni nchi ya Waarusha, ndugu wa Wamaasai kwa lugha na kwa marika, ila wao walishika jembe zamani na kulima miteremko ya Meru. Leo kila ukienda unakuta shamba moja limegeuka viwanja. Ukuta wa matofali, geti jeusi, mbwa, na nyuma ya geti nyumba ya mtu anayefanya kazi benki au kwenye utalii. Wengine ni wasomaji wetu, nawasalimu! Uliza vijana wa Moshono unaelekea kwa nani, watakuelekeza kwa duka, kwa kanisa, kwa nyumba ya ghorofa. Wazee bado wanaelekeza kwa miti.

Kuna jambo jingine la Moshono ambalo gari likipita watu hunyamaza kidogo. Ni machimbo ya moram, ule udongo wa kumwaga barabarani na kwenye misingi ya nyumba. Mwezi Aprili 2013 kifusi kiliporomoka na kuwafukia watu waliokuwa wakichimba na kupakia, na zaidi ya watu 10 walifariki. Siku ile jina la Moshono lilifika ukurasa wa mbele wa magazeti. Nalisema hili kwa sababu lina uhusiano na safari yangu. Kuna mtoto aliyempoteza baba pale, na siku moja mjukuu wake atataka kusoma kilichoandikwa. Naomba atakapokwenda akute ukurasa bado upo.

Maneno ya sendofu

Sasa sendofu. Ilifanyika uwanjani kwa Koko. Sisi kwetu bibi ni Koko, hata watoto wa mjini wasiojua neno jingine lolote la Kiarusha hilo wanalijua. Maturubai yalifungwa, muziki ukapigwa, kreti za soda zikashushwa, na ulipofika wakati wa mawaidha MC akampa Koko kipaza sauti. Koko ana miaka 80 hivi. Alikishika mbali na mdomo kama kitu cha moto, akasema:

"Mjukuu wangu, mwanaume akikuambia anakwenda Dar es Salaam kwa miguu, mwambie akuletee tikiti."

Watu walicheka mpaka turubai likatikisika. MC alirudia mara mbili. Mwenzangu, ambaye ni mtu wa Tukuyu na hakuelewa kitu, alicheka pia kwa kufuata umati. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Koko kuliko wote. Yeye hakucheka.

Usiku nikamuuliza Yeyo, yaani mama yangu. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayesimulia ugonjwa wa ukoo, kwamba mwaka 1967, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miezi minne mgongoni, Babu aliaga akasema anakwenda na vijana wenzake Dar es Salaam kwa miguu kuunga mkono Azimio la Arusha. Akarudi baada ya miezi zaidi ya mitatu. Amekonda, amevaa viatu vya mtu mwingine, ana sufuria na doti moja ya kanga. Alisema walifika, walipokelewa, wakapigwa picha na picha ikatoka gazetini. Gazeti lenyewe hakuwa nalo.

Moshono nzima ikajua la kusema. Walisema alikuwa Moshi kwa mwanamke. Wengine walikuwa na uhakika kuliko hao, wakataja hata mtaa. Babu alirudia habari ya gazeti mpaka akachoka, na alipofariki mwaka 1996 mimi nilikuwa mdogo mno kumuuliza. Walizaa watoto wengine watano, walilima pamoja, walizeeka pamoja. Lakini kila Babu alipoaga kwenda popote, hata mnadani, Koko alikuwa na neno lake moja: "Uniletee tikiti."

Fikiria, msomaji. Maisha yote ya ndoa, na katikati yake kuna mfupa mmoja haujamezwa.

Mwaka watu walipotembea

Mimi kazi yangu ni uhariri. Mtu akiniambia "iliandikwa gazetini", cha kwanza nauliza gazeti gani, toleo la lini. Nikasema hili nitalimaliza.

Nilianzia karibu. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio likatangazwa rasmi Februari 5. Siku zilizofuata benki zilitaifishwa, na nchi ikashikwa na joto la kutembea. Vijana kwa wazee, katika mikoa mbalimbali, walianza safari za miguu za kuunga mkono. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitoka Butiama kwa miguu mpaka Mwanza. Ukifika Kaloleni, karibu na ule mnara wa Mwenge mjini Arusha, kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, ndani ya jengo lilelile lililohusika na mkutano. Yalifunguliwa mwaka 1977. Tulizunguka mle mimi na mwenzangu, tukitazama picha moja baada ya nyingine. Nilikuwa natafuta uso ninaoujua kwa picha moja tu ya nyumbani, ya uzeeni.

Babu hakuwemo. Lakini nilitoka na kitu cha maana: nilijua kwamba hadithi yake haikuwa ya ajabu. Watu walitembea kweli. Toka Arusha mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, unapita Moshi, Same, Korogwe, Chalinze. Kijana mwenye miguu mizuri akienda kilomita 25 kwa siku anafika ndani ya wiki nne.

Hapo nikapata na hesabu yangu ya kwanza. Koko hajui tarehe, lakini anajua shamba. Alimwambia Yeyo kwamba Babu aliondoka wakipanda mahindi ya masika, akarudi wakivuna maharage. Mahindi kwetu tunapanda mwezi wa tatu. Ongeza wiki nne za njiani. Basi kama gazeti lipo, liko mwezi wa nne.

Ukurasa uliokatwa

Mjini Arusha kuna nyaraka za dunia nzima, ujue. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa hapa, na kumbukumbu zake zimejengewa jengo maalumu kule Lakilaki. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa. Lakini gazeti la kumtafuta mkulima wa Moshono sharti ulifuate Dar es Salaam. Ndipo fungate yetu ilipobadilisha mwelekeo.

Mwaka 1967 msomaji wa Kiswahili alikuwa na magazeti machache. Kulikuwa na Uhuru, gazeti la TANU lililoanza 1961. Kulikuwa na Ngurumo, la watu binafsi, lililopendwa sana mitaani tangu 1959 mpaka lilipokufa 1976. Kulikuwa na Kiongozi la Wakatoliki. Kwa Kiingereza kulikuwa na The Nationalist la TANU na The Standard, ambayo baadaye yaliunganishwa kuwa Daily News mwaka 1972. Mambo Leo, lile la enzi za mkoloni, lilikuwa limeshaaga tangu 1963. Nikaliweka Uhuru mbele, maana chama kilichopokea watembeaji ndicho kilichokuwa na sababu ya kuwapiga picha.

Kwenye maktaba moja, ambayo sitaitaja, tulikuta mafungu ya mwezi wa nne yamejalidiwa vizuri. Tukafunua ukurasa kwa ukurasa. Msomaji, magazeti ya zamani yana mitego. Unatafuta babu yako, unajikuta unasoma tangazo la baiskeli, bei ya sukari, matokeo ya mpira, barua ya mtu anayelalamika kuhusu nguo fupi za wasichana. Mwenzangu alisoma barua ile kwa sauti, tukanyamazishwa.

Halafu tukafika mahali ambapo ukurasa haupo. Umekatwa kwa wembe, ukingo umenyooka kabisa. Upande wa pili wa karatasi iliyobaki kulikuwa na habari ya mapokezi ya watembea kwa miguu kutoka mikoani, inayosema picha ziko ukurasa wa ndani. Ukurasa wa ndani ndio uliokatwa.

Sikulia, lakini nilitoka nje. Nilikaa ngazini nikamfikiria aliyekata. Labda naye alikuwa na babu kwenye picha ileile. Alimtaka wake, akaondoka na wa kwangu.

Mwenzangu alikuja akakaa karibu, akaniletea maji. Nilitegemea atasema basi, twende ufukweni, zimebaki siku mbili. Akasema, "Gazeti halichapwi nakala moja."

Sentensi hiyo, akina dada, ndiyo niliyoolewa nayo. Mengine yote ni nyongeza.

Nakala ya pili

Alikuwa amesema kweli. Gazeti moja linahifadhiwa sehemu nyingi kuliko tunavyodhani. Ipo Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1967, Desemba 9. Zipo Nyaraka za Taifa. Upo mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nje ya nchi, Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi Nairobi mwaka 1966 na imekuwa ikikusanya machapisho ya ukanda wetu, na kuna magazeti yetu kwenye mikrofilamu mpaka Chicago na London. Wakati mwingine mjukuu wa Tanga anampata babu yake Marekani.

Sisi hatukufika mbali hivyo. Siku ya nne, Chuo Kikuu, saa nane na nusu mchana, mwenzangu alinigusa mkono bila kusema neno.

Ilikuwa picha ndogo, si kubwa kuliko bahasha. Wanaume 11 wamesimama mstari mmoja usionyooka. Maelezo chini yake yalisema ni vijana waliowasili kwa miguu kutoka Arusha. Majina hayakuandikwa. Hata moja. Na nyuso, kwa jinsi wino ulivyokolea, zilikuwa madoa meusi yenye kofia.

Nilitazama madoa 11. Nilitaka sana mmoja awe Babu. Nilichagua wa tatu, halafu wa saba, halafu nikaona aibu, maana uhariri hauendi hivyo. Tulipiga picha kwa simu, tukaomba na nakala ya karatasi. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, tuliona bahari.

"Leteni hapa kwenye mwanga"

Tulipanda Moshono wiki mbili baadaye, na safari hii nilikuwa na woga. Nilijua nimebeba kitu kisichothibitisha chochote. Nyumbani nilikuwa nimeshaambiwa na mjomba, "Acheni mambo ya zamani. Mnataka kumfufulia mama hasira za nini?" Ni swali zuri na sikuwa na jibu.

Koko alikuwa amekaa nje, juani, anachambua maharage. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini. "Takwenya." "Iko." Mwenzangu akasema "Shikamoo Koko", naye akainamisha kichwa kama alivyofundishwa, na urefu wake wote ule. Koko alifurahi. "Marahaba baba. Umekonda. Hapikiwi huyu?" Tukaletewa loshoro, mahindi na maziwa mgando, na mtu wa Tukuyu akamaliza bakuli bila kuacha. Alama zake zilipanda.

Nikamwambia Koko nimeleta gazeti. Nilieleza kidogo kidogo: ni la mwaka ule, lina watu waliotembea, majina hakuna, sura hazionekani, huenda Babu hayumo kabisa. Yeye alijifunza kusoma miaka ya 70, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo aliichukua ile nakala kwanza akasoma maelezo ya chini, taratibu, kwa kidole. Halafu akasema, "Leteni hapa kwenye mwanga."

Mwenzangu akafungua picha kwenye simu, akaikuza, akawa anasogeza mtu mmoja mmoja. Wa kwanza. Wa pili. Koko anatikisa kichwa. Wa tano alimtazama kidogo akasema huyu namjua, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, alikufa zamani. Nikasema Koko, umemjuaje, uso hauonekani? Akasema, "Nani anaangalia uso? Angalia anavyosimama. Hata kanisani alisimama hivyo, mguu mmoja unapumzika."

Wa sita, wa saba, wa nane. Alipofika wa tisa alishika mkono wa mwenzangu ulioshika simu.

Tulisubiri. Kuku walipita. Kwa jirani redio ilikuwa inaimba.

"Ongeza ukubwa," akasema. "Si hapo juu. Hapa, kwenye koti."

Lilikuwa koti jeusi, na mfuko wa kulia ulikuwa mweupe. Mimi nilikuwa nimeuona Dar nikadhani ni kasoro ya wino.

"Huu mfuko niliushona mimi," Koko alisema. "Ulichanika. Sikuwa na kitambaa cheusi, nikaweka amerikani. Alilalamika, akasema watu watamcheka. Nikamwambia nenda nao hivyohivyo."

Hakuna aliyesema kitu. Yeyo, aliyekuwa mlangoni na sinia, aliliweka chini.

Nusu ya pili

Ningependa kukuambia kwamba hapo ndipo hadithi inaishia, watu wakakumbatiana. Lakini Koko ni mkulima, anajua hesabu. Alifuta macho kwa ncha ya kanga, akaniuliza gazeti limetoka mwezi gani. Nikasema wa nne. Akahesabu kwa vidole.

"Basi bado miezi miwili," akasema.

Moyo wangu ukashuka. Kumbe gazeti lilikuwa limemtetea Babu kwa mwendo wa kwenda tu. Kurudi kulibaki gizani kama mwanzo. Mjomba alikuwa na haki, nimekuja kufukua.

Lakini Koko aliendelea kuzungumza, na aliyoyasema Yeyo mwenyewe hakuwahi kuyasikia. Alisema Babu, siku zake za mwisho, alimwita usiku akamwambia: walipomaliza mapokezi kila mtu alijitegemea kurudi. Yeye hakuwa na nauli. Alitembea mpaka Korogwe, viatu vikaisha, akaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu kwa mke aliyemwachia mtoto mchanga na shamba. Akaingia mashamba ya mkonge, akakata majani kama kibarua mpaka akapata pesa ya sufuria, kanga na nauli. Ndiyo miezi miwili. Na viatu vilikuwa vya mkata mkonge mwenzake.

"Kwa nini hukutuambia?" Yeyo aliuliza.

"Kwa sababu sikumwamini," Koko alisema. "Nilisema huyu anakufa na bado anaongeza. Kama safari ya miguu ni uongo, mkonge nao ni uongo. Nilinyamaza. Hata sikumjibu." Akaitazama tena ile karatasi. "Sasa kama la miguu ni kweli, na la mkonge itabidi nimwamini."

Akainuka. Babu amezikwa nyuma ya nyumba, chini ya mringaringa, karibu na ukuta mpya wa jirani. Alikwenda peke yake, hakutuita. Alikaa huko kama nusu saa. Sijui alisema nini, na sikuuliza. Aliporudi alitaka bahasha ya plastiki ya kuwekea gazeti lake, isiingie unyevu, kisha akaliweka sandukuni.

Kwenye Hiace ya kurudi mjini nilikaa na mwenzangu kiti cha nyuma. Meru ilikuwa imejifunika. Nikamuuliza kama kuna chochote cha miezi miwili ambacho hajanieleza. Alifikiri sana, mpaka nikaanza kuogopa. Akasema kuna deni la pikipiki. Tulilizungumza mpaka Kijenge.

Nilichojifunza ni hiki. Gazeti lingengoja. Lilishangoja zaidi ya miaka 50, lingeweza kungoja 50 mingine. Lakini macho yanayojua mfuko wa koti ulishonwa na nani, hayo hayangojei mtu. Tungechelewa miaka michache, ningekuwa na madoa 11 na hakuna wa kunisomea.

NAWE UNATAFUTA? ANZIA HAPA

Anza na aliye hai. Kabla hujagusa maktaba, kaa na mzee. Usimwulize tarehe, muulize walikuwa wanapanda nini, nani alikuwa amezaliwa, mvua ilikuwaje. Tarehe utaitoa mwenyewe.

Jua magazeti ya wakati ule. Ukitafuta la 1955, Uhuru halikuwepo, jaribu Mambo Leo. Ukitafuta la Jumapili la miaka ya 70, Mzalendo lilianza 1972. Hii itakuokolea siku nzima.

Nenda na karatasi zako. Chukua kitambulisho na barua ya utambulisho, na upige simu kabla ya safari kuuliza utaratibu, ada na siku za kufungua.

Usikate tamaa kwa nakala moja. Ukikuta pengo, uliza maktaba nyingine. Gazeti halichapwi nakala moja.

Usikate ukurasa! Piga picha bila mwanga wa kamera, andika jina la gazeti, tarehe na ukurasa, funga taratibu. Kuna mjukuu wa mtu mwingine nyuma yako kwenye foleni.

Na ukishaipata, irudishe nyumbani. Usiitume kwa simu tu. Panda gari, kaa dirisha la kushoto.